Kamba ya Nne ya Kindi

Mlio karibu sogeeni, mlio mbali tegeni masikio! Paukwa!

— Pakawa!

Nikitoa?

— Tunapokea!

Nikinyamaza?

— Tunakuchokoza!

Basi msinichokoze, maana leo nina hasira zangu tangu asubuhi, na dawa ya hasira ni kusimulia. Wewe uliyelala hapo, kaa vizuri. Usije ukaniuliza katikati Kindi ni nani.

Hapo kale, tena si kale sana, wanyama wa Mtopeni walikuwa na gulio lao kando ya bwawa. Mwenye mtama alibeba mtama, mwenye asali alibeba asali, wakabadilishana, wakarudi kwao. Kubeba kulichosha, sikatai. Lakini ulichokibeba ulikijua, na ulichokiacha nyumbani ulikikuta nyumbani.

Siku moja Kiboko akatoa kichwa majini. Puuuh! Maji yakawarukia waliokuwa ukingoni.

"Jamani, mnajitesa bure," akasema. "Kuanzia leo hakuna kubeba. Kila mmoja afunge kamba kwenye ghala lake, ncha ya pili ailete kwangu. Ukitaka kitu, sema tu. Karani wangu atafuata kamba, atachota kwako, atampelekea muuzaji. Wewe kaa kwako unywe uji."

"Na wewe, Bwana Mkubwa, utapata nini?" akauliza Kindi.

"Mimi? Kidogo tu. Kata moja kwa kila malipo, ujira wa kamba."

Hakuna aliyeomba kuiona hiyo kata. Hapo ndipo walipokosea, tena wote kwa pamoja. Wangeomba kuiona wangejua kwamba Kiboko aliichonga kwa kipimo cha kinywa chake mwenyewe. Nanyi mnakijua kinywa cha Kiboko.

— Tunakijua!

Kamba zikafungwa. Huku kamba, kule kamba, hadi bwawa likazungukwa kama kitanda kinachosukwa. Haikupita miezi miwili, wauzaji wakaanza kuringa. Ukifika na mtama wako kichwani, muuzaji anakutazama juu hadi chini. "Huna kamba? Basi huna biashara na mimi." Mtu na mtama wake, anafukuzwa kama mwizi!

Sasa huyu Kindi alikuwa mjane mwenye watoto wanne, mkia mkubwa kuliko mwili, na kichwa kilichojaa maswali. Alikuwa na maghala matatu. La kwanza, chungu cha mtama wa kula. La pili, kapu la kunde. La tatu, kihenge cha mbegu za karanga. Mtama uliliwa kila siku, kunde zilipungua mara kwa mara, lakini mbegu hazikuguswa. Kihenge kilikuwa kimejaa mpaka kwenye shingo. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya mchana na kutawanyika jioni, na kila mwenye shamba alijua mvua imekaribia. Mbegu zile ndizo zilizokuwa chakula cha mwaka mzima cha watoto wake. Bila mbegu, mvua ingenyesha juu ya shamba tupu.

Kindi akaenda kujiandikisha. Pale ukingoni alimkuta Karani Kunguru, kola nyeupe shingoni, kifua mbele.

"Una maghala mangapi?"

"Matatu."

"Funga kamba tatu."

"Ya mbegu sifungi, Karani."

"Usipofunga zote, hufunguliwi huduma. Hiyo ya mbegu tutaiweka iwe ya dharura. Hatutaigusa."

"Kweli?"

"Kabisa."

Kindi akafunga. Msimcheke! Hata nyinyi mmeshafunga mengi kwa sababu mtu mwenye kola safi alisema "kabisa".

Kisha ikaja kazi ya kuthibitisha. Kunguru alifuata kila kamba hadi mwisho wake, akadondosha vijiwe ndani ya ghala. Ti! Ti! Ti! Halafu mwenye ghala akaulizwa, vijiwe vingapi? Akitaja sawasawa, ghala limethibitishwa kuwa lake. Kindi akataja vya chungu, akataja vya kapu, akataja vya kihenge. Akaandikwa.

Akaagiza maziwa ya watoto kwa Bi Mbuzi, kibuyu kimoja kila siku ya gulio, na malipo yajiendee yenyewe kwa kamba. Akamwambia Kunguru maneno haya, nanyi yashikeni maana yatarudi:

"Vuta kamba ya mtama. Mtama ukiisha, vuta ya kunde. Ya mbegu usiguse."

"Nimesikia," akasema Kunguru.

Siku ya gulio ikafika. Kindi amekaa barazani, watoto wanakunywa maziwa, masharubu yote meupe. Mara kamba ikalia. Nyiiii! Kindi akatega sikio asikie mtama ukimiminika, maana mtama humiminika shwaaa. Akasikia nini?

— Shwaaa!

Hapana! Akasikia chwa-chwa-chwa! Karanga hizo! Akakimbilia kihenge. Kibaba kimoja kimekwenda kwa Bi Mbuzi, na kata nzima, kata ile ya kinywa, imekwenda kwa Kiboko.

Kindi akaenda mbio hadi bwawani, mkia juu.

"Karani! Si nilisema vuta kamba ya mtama? Mtama ukiisha, vuta ya kunde. Ya mbegu usiguse!"

"Ulisema."

"Mbona umevuta ya mbegu?"

"Mpango ndio uliochagua."

"Mpango ni nani? Niitie nizungumze naye."

"Mpango si mtu. Mpango ni mpango."

"Basi rudisha mbegu zangu."

"Kilichokwisha kupita kwenye kamba hakirudi. Ni kanuni."

Ukisikia neno "kanuni" limesemwa kwa utulivu namna ile, jua umekwisha. Kindi akaomba angalau mara nyingine mtama uanze. Kunguru akafikiri, akampa kitambaa chekundu. "Kifunge kwenye kamba unayoipenda. Hiyo ndiyo alama ya kamba pendwa."

Kindi akafunga kitambaa kwenye kamba ya mtama, mafundo matatu, akavuta kwa meno kuhakikisha. Akarudi nyumbani moyo umetulia.

Gulio la pili. Watoto wanakunywa maziwa. Nyiiii! Chwa-chwa-chwa!

Mbio tena hadi bwawani. Kitambaa kiko chini kwenye tope.

"Karani, kitambaa changu!"

"Kila gulio tunavifungua vyote, tunaanza upya. Ukitaka, kifunge tena."

Akakifunga tena. Gulio la tatu asubuhi na mapema akaenda mwenyewe kukitazama, akakikuta mahali pake, akakipapasa, akarudi akiimba. Hajafika mlangoni, nyiiii! Chwa-chwa-chwa! Safari hii Kindi hakukimbia. Alikaa chini mbele ya kihenge, akachungulia. Mbegu zilikuwa zimeshuka hadi nusu. Alilia, jamani, nisiwadanganye. Alilia machozi ya kweli, watoto wake wakimwangalia.

Alipomaliza kulia akajipangusa kwa mkia, akaenda kwa Kiboko mwenyewe.

Kiboko alikuwa majini, macho na pua tu ndivyo vinavyoonekana.

"Bwana Mkubwa, shikamoo."

"Marahaba. Puuuh! Sema haraka."

"Bwana Mkubwa, mimi nasema mtama, karani wako anachukua mbegu. Nikipoteza mbegu, watoto wangu watakula nini mwakani?"

"Bibie, karani wangu hufuata kamba yenye nafaka nyingi kuliko zote. Kwenye ghala lililojaa kata yangu inazama vizuri, haigongi chini. Wewe chungu chako cha mtama kina nini? Nikitia kata yangu humo, chungu kitapasuka!"

"Lakini ghala ni langu."

"Ghala ni lako, kamba ni yangu. Mteja hachagui."

"Basi nifungulieni. Nitoeni kwenye huduma."

Kunguru akadakia kutoka ukingoni. "Haiwezekani. Kamba haifunguliwi wakati kuna malipo yanayosubiri. Na maziwa ya gulio lijalo yameshaagizwa."

"Basi naghairi maziwa."

"Kughairi kunapokewa siku ya gulio, baada ya malipo. Halafu maziwa ya gulio linalofuata yatakuwa yameshaagizwa."

Kiboko akacheka. Ho! Ho! Ho! Samaki wakakimbia. "Tena nikuombe radhi mapema," akasema, "gulio lijalo ujira umepanda. Kata mbili."

Kata mbili! Kihenge kisingeona mvua.

Kindi akarudi, akakaa juu ya tawi, akaanza kuzirudia kanuni moja moja kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Ghala lenye nafaka nyingi ndilo huchotwa kwanza. Mteja hachagui. Kilichokwisha kupita hakirudi. Kamba haifunguliwi malipo yakisubiri. Akazirudia tena. Nafaka nyingi. Hachagui. Hakirudi. Haifunguliwi. Mara ya tatu mkia wake ukaanza kutikisika wenyewe, na ukiona mkia wa Kindi unatikisika bila nzi, kaa mbali.

Kesho yake jua lilipokuwa utosini, Kiboko alikuwa amezama bwawani anakoroma. Khroo! Khroo! Ghala lake lilikuwa ukingoni, kubwa la udongo, mlango wa mninga, kufuli mbele. Lakini nyuma kulikuwa na tundu la kupitisha hewa, dogo la ukubwa wa ngumi. Nani angepita hapo? Labda Kindi. Akaingia na ncha ya kamba mdomoni, akaifunga kwenye boriti, fundo moja zuri, hakugusa hata punje. Akatoka, akaivuta kamba kuzunguka kichaka cha miiba, akaizungusha tena, kisha akatokea nayo mbele ya Karani Kunguru kama anayetoka safari ya mbali.

"Karani, nimekuja kuongeza ghala."

Pale pale mkoromo ukakatika. Kiboko alikuwa mzito wa kusikia malalamiko, lakini neno "ghala" alilisikia hata chini ya maji.

"Puuuh! Ghala jipya? Kubwa?"

"Kubwa, Bwana Mkubwa. Limejaa hadi boriti."

"Lina nini?"

"Kila kitu. Mtama, mahindi, kunde, karanga, ulezi."

"Ni lako?"

"Nafaka yangu imo humo ndani, Bwana Mkubwa. Naapa kwa mkia wangu."

Je, alidanganya?

— Hakudanganya!

Hata kidogo! Kata tatu za karanga zake zilikuwa humo.

"Mwandikie!" Kiboko akaguna. "Mwandikie upesi kabla hajabadili nia!"

Kunguru akashika kamba aende kuthibitisha. Akaifuata. Ikazunguka kichaka mara moja, akazunguka. Ikazunguka mara ya pili, akazunguka. Ikamfikisha nyuma ya ghala alilolifahamu fika, kwenye tundu ambalo kila siku upepo wake ulimpuliza mgongoni. Akashangaa kidogo. Lakini kanuni ilisema afuate kamba adondoshe vijiwe, haikusema ashangae, na mshahara wake haukuwa na fungu la kushangaa. Akadondosha. Ti! Ti! Ti! Ti! Ti!

Nyuma ya kichaka palikuwa na sikio dogo lenye manyoya.

"Vijiwe vingapi?" akauliza Kunguru aliporudi mezani, akamkuta Kindi anapuliza kucha.

"Vitano."

"Sawasawa. Ghala limethibitishwa."

Gulio la nne. Watoto wanakunywa maziwa. Kindi barazani, masikio wima, roho juu. Nyiiii! Akasubiri chwa-chwa-chwa ya karanga zake. Kimya. Akasubiri shwaaa ya mtama wake. Kimya. Ng'ambo ya bwawa akasikia gbuu! gbuu! gbuu! Nafaka za mtu mwingine hizo, mtu mwenye nyingi. Kindi akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu alipoandikishwa.

Kunguru na vibarua wake walivuta kibaba cha Bi Mbuzi kupitia tundu la nyuma. Kisha wakatoa kata mbili za ujira kwa tundu la nyuma, wakazunguka, wakaziingiza kwa mlango wa mbele. Kiboko akaziona zinaingia. "Puuuh! Biashara imenoga!"

Kindi akaenda kwa Bi Kanga, muuza mbegu. "Bi Kanga, nipe mbegu za karanga, nusu kihenge. Kamba italipa." Gbuu! gbuu! Kihenge kikajaa mpaka kwenye shingo.

Angeweza kuishia hapo. Mwingine angeishia hapo. Lakini Kindi alijua kwamba leo kajaza, kesho ghala la Kiboko likishuka chini ya kihenge chake, kamba ya mbegu italia tena. Akapanda juu ya kichuguu.

"Jamani wa Mtopeni! Nani ana mtoto anayetaka maziwa? Nani hana jembe? Nani kaliwa mbegu zake na dharura? Njooni, leo kamba yangu inalipa!"

Mmewahi kuona gulio zima likipiga foleni kwa mtu mmoja? Maziwa hapa, jembe pale, mbegu kule. Nyiiii, gbuu! Nyiiii, gbuu! Kata zikatoka nyuma, zikaingia mbele. Kwa kila malipo kilichotoka kilikuwa kingi kuliko kilichorudi, lakini Kiboko alitazama mlango wa mbele tu. "Noga, biashara, noga!" akaimba, akapiga maji kwa kiganja. Sijawahi kuona mtu akifurahia kufilisika kiasi kile.

Alasiri njaa ikambana. Akatoka majini, du! du! du! akafungua kufuli, akaingiza kichwa ghalani.

"Ooo?" akasema.

"Ooo? Ooo? Ooo?" ghala likamjibu. Ghala tupu hujibu, mnajua.

"Karaniii! Nani kachukua nafaka yangu?"

"Mpango, Bwana Mkubwa. Kwa kamba ya nne ya Kindi. Imethibitishwa vijiwe vitano."

Kiboko akamgeukia Kindi, kinywa wazi, meno nje. Pale Kindi aliogopa. Akakumbuka watoto wanne. Lakini hakurudi nyuma.

"Wewe! Ulisema ghala ni lako!"

"Nilisema nafaka yangu imo humo. Haikuwemo, Bwana Mkubwa?"

Kiboko akamgeukia Kunguru. "Karani, rudisha vyote!"

"Kilichokwisha kupita kwenye kamba hakirudi," akasema Kunguru. Masikini, hakuwa na ubaya. Aliijua kanuni na hakujua kingine.

"Basi fungua hiyo kamba!"

"Haifunguliwi malipo yakisubiri. Kuna maziwa ya gulio lijalo."

"Basi yalipwe kwa mtama wake!"

Kunguru akaitikisa kamba ya nne, akasikiliza. "Bado kuna kona moja ya mahindi humu, Bwana Mkubwa. Inashinda chungu, inashinda kapu, inakishinda hata kihenge. Na mteja hachagui."

Kicheko kikaanzia kwa Bi Kanga, kikapita kwa Bi Mbuzi, kikaenea gulio lote. Kiboko akakaa chini kwa kishindo. Tumbo likanguruma kwa sauti, kila mtu akalisikia. Akaitazama ile kona ya mahindi, ambayo ndiyo chakula chake cha usiku.

"Kindi," akasema, sauti imeshuka. "Bibie. Unataka nini?"

"Kidogo tu, Bwana Mkubwa. Nikisema mtama, uvutwe mtama. Nikifunga kitambaa, kibaki. Nikitaka kuifungua kamba yangu, nifungue siku hiyo hiyo. Na kata iwe ya kinywa changu mimi."

"Ya kinywa chako? Kinywa chako hakibebi hata kunde mbili!"

"Basi acha. Tungoje gulio lijalo."

"Ngoja, ngoja! Karani, andika."

Kunguru akaandika. Akaisoma kanuni mpya mara mbili, akaipenda mara moja, kama alivyoipenda ile ya zamani. Kindi akaenda nyuma ya ghala, akaingia tunduni, akaifungua kamba ya nne kwa mikono yake, akaiviringa, akarudi nayo kwake. Ile kona ya mahindi hakuigusa.

Baada ya siku mbili mvua ikaanguka, ile nzito ya kwanza inayonukia udongo. Kindi na watoto wake wakaingia shambani, mmoja anachimba, mmoja anatia mbegu, mmoja anafukia, wa nne anacheza tu, maana katika kila nyumba yupo wa nne. Siku ya gulio walikuwa wamefika mstari wa mwisho, matope hadi magotini, wakati kamba ilipolia upande wa nyumbani. Nyiiii! Watoto wakaacha kazi, wakamtazama mama yao usoni. Kindi akatega sikio. Mlisikia?

— Shwaaa!

Shwaaa! Kibaba cha mtama, na punje chache tu za ujira. Kindi akafukia mbegu ya mwisho kwa wayo wake, akaikanyaga taratibu, akaanza kucheka.

Mimi nimetua mzigo wangu hapo. Palipokuwa patamu, bebeni mwende napo nyumbani. Palipokuwa pachachu, niachieni nikapatie sukari.

— Tumebeba!

Ngojeni, fundisho! Hadithi bila fundisho wazazi wenu watanidai. Hadithi hii inatufundisha utii. Ukiambiwa funga kamba zote, funga. Ukiambiwa "kabisa", amini. Kanuni usizisome, zitakuumiza macho bure. Kindi alizisoma, na mwoneni alivyopata taabu: kupanda shamba zima, kuvuna, kukaanga karanga, na kulala ameshiba kila siku mwaka mzima. Mnayataka mateso kama hayo?

— Tunayataka!

Watoto wasiosikia nyinyi. Haya, nendeni mkalale.